Shauri lako la madai lifunguliwe mahakama ipi? Mwongozo kamili wa mamlaka ya eneo, Tanzania Bara

Mtu akidhulumiwa, miguu humpeleka mahakama iliyo jirani na kwake. Njia anaijua, karani anamfahamu, nauli ni buku tu. Sheria lakini haianzi na yeye. Inauliza mambo mengine matatu: mali inayogombewa iko wapi, jambo lenyewe lilitokea wapi, na unayemdai anaishi au anafanya kazi wapi. Makazi ya mdai, yakiwa peke yake, hayaipi mahakama mamlaka.

Nimekaa mabenchi ya mahakama na watu waliolipa ada, wakasafiri mara tano au sita, wakaahirishiwa, kisha siku moja wakaambiwa hati yao ya madai inarudishwa kwa kuwa wameipeleka wilaya isiyohusika. Kosa hili linaniuma kuliko mengine mengi, kwa sababu dawa yake ni nusu saa ya kukaa na kalamu na karatasi kabla ya kulipa chochote. Mwongozo huu ni wa hiyo nusu saa.

Ninazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za mwenendo hadi ngazi ya Mahakama Kuu yake, na pande mbili hukutana Mahakama ya Rufani. Sheria yetu kuu hapa ni Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iliyotungwa 1966 kwa kufuata sheria ya India ya 1908. Ndiyo maana msomaji wa Kenya au Uganda atazitambua kanuni nyingi humu, ingawa namba za vifungu kwao ni nyingine. Vifungu nitakavyovitaja ni vya toleo la 2019. Ukiwa na toleo jipya zaidi, linganisha kabla ya kunukuu kwenye hati.

Hatua ya kwanza: jua aina ya mgogoro na kiasi chake

Eneo ni swali la pili. La kwanza ni kama chombo unachokiendea kinaruhusiwa kabisa kusikiliza jambo la aina hiyo na la thamani hiyo. Ukikosea hapa, hata ukiwa wilaya sahihi hutafika popote.

Mgogoro wa ardhi hauendi Mahakama ya Wilaya wala ya Hakimu Mkazi. Una njia yake chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216: Baraza la Kata kwa usuluhishi, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa uamuzi, kisha Mahakama Kuu. Mgogoro wa mwajiri na mfanyakazi huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA. Serikali hushtakiwa Mahakama Kuu peke yake, baada ya notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu akiunganishwa.

Yanayobaki, yaani madeni, mikataba, fidia ya ajali, kashfa, mali zinazohamishika, hugawanywa kwa thamani. Mahakama ya Mwanzo inapokea deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi zinakwenda hadi milioni 200 kwa mali inayohamishika, lakini shauri likiwa la kibiashara kikomo kwa mali hiyo kinashuka hadi milioni 70. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Kifungu cha 13 cha Sura ya 33 kinataka shauri lifunguliwe mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza. Kifungu hichohicho kinazihesabu Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi kuwa za ngazi moja, kwa hiyo usipoteze usingizi ukichagua kati ya hizo mbili kwa hofu ya ngazi. Tofauti yao ya maana kwako ni eneo: ya Wilaya hufanya kazi ndani ya wilaya yake, ya Hakimu Mkazi ndani ya eneo ililopangiwa na Jaji Mkuu, na kwa kawaida eneo hilo ni mkoa.

Usijaribu kupandisha thamani kwa kuongeza fidia ya jumla, ile ya usumbufu na maumivu. Mahakama ya Rufani ilishalisema katika shauri la Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya Our Lady of the Usambara Sisters: kinachopima mamlaka ya kifedha ni dai lenyewe mahususi. Fidia ya jumla haihesabiwi, kwa kuwa kiasi chake huamuliwa na mahakama.

Hatua ya pili: chora mstari chini ya maneno matatu

Chukua karatasi. Andika MALI, TUKIO, MDAIWA. Mbele ya kila neno andika kijiji au mtaa, kata, wilaya na mkoa. Usiandike "Dar" ukaishia hapo. Dar es Salaam ina wilaya tano, na Kigamboni na Ubungo zilikatwa kutoka Temeke na Kinondoni miaka ya karibuni tu. Mkataba wa 2012 unaosema "Temeke" unaweza kuwa unazungumzia nyumba iliyo Kigamboni leo. Vivyo hivyo kwa mikoa: Geita, Simiyu, Njombe na Katavi zimekuwepo tangu 2012, na Songwe imetolewa Mbeya 2016. Hati ya zamani inayosema "Mbozi, Mkoa wa Mbeya" siku hizi inasomeka Songwe. Mtendaji wa mtaa au wa kijiji atakuthibitishia kwa barua, na barua hiyo itunze.

Ikitokea kweli mpaka haueleweki, mfano shamba liko pale ambapo wilaya mbili zinavutana, kifungu cha 16 kinairuhusu mahakama mojawapo, ikijiridhisha kwamba shaka ni ya kweli, kuiandika shaka hiyo kwenye kumbukumbu na kuendelea na shauri. Kwa mali iliyolala pande zote mbili za mpaka unaojulikana, kifungu cha 15 kinakuruhusu kufungua upande wowote, mradi thamani yote iwe ndani ya uwezo wa mahakama hiyo.

Hatua ya tatu: kama ni ardhi au nyumba, fuata mali

Hapa hakuna mjadala mrefu. Kifungu cha 14 kinasema shauri la kudai mali isiyohamishika, kuigawa, kuuza au kukomboa iliyowekwa rehani, kuamua haki yoyote juu yake, au kudai fidia kwa uharibifu wake, hufunguliwa mahali mali ilipo. Anayekudhulumu shamba lako la Kilosa hata akihamia Tunduma, shauri linabaki Kilosa. Sababu iko wazi kwa kila aliyewahi kuona baraza likitembelea eneo: mashahidi wa mipaka ni majirani, na mti wa mwembe unaotajwa kwenye ushahidi hausafiri.

Upo mwanya mmoja mwembamba. Kama kinachoombwa kinaweza kupatikana chote kwa mdaiwa kutii amri mwenyewe, na mali imeshikwa na yeye au kwa niaba yake, unaweza kumfungulia pale anapoishi. Mwanya huo ni wa kutumiwa na wakili anayejua anachokifanya.

Kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hakikisha kwanza ni baraza gani linahudumia wilaya yako, maana si kila wilaya ina jengo lake. Mengine yanahudumia zaidi ya moja. Usiruke Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu, lakini la Wilaya halitasikiliza kesi ya umiliki bila hati inayothibitisha kwamba usuluhishi ulishindikana, isipokuwa siku 30 zikiwa zimepita bila kata kufanikiwa kusuluhisha. Kata inayohusika ni ile ambayo ardhi imo.

Na kwenye hati, ieleze ardhi mpaka mgeni aweze kuifikia: namba ya kiwanja na kitalu kama kimepimwa, kama hakijapimwa, kitongoji, kijiji, kata, na majirani wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Maelezo ya "shamba langu la Mlimani" yameua madai mengi mazuri.

Hatua ya nne: kama ni deni au mkataba, una nafasi ya kuchagua

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watu wengi hawajui haki yao. Kifungu cha 18 kinampa mdai njia tatu. Ya kwanza ni mahali mdaiwa anapoishi kwa hiari yake, au anapofanya biashara, au anapofanya kazi ya kumpatia riziki. Ya pili, kama wadaiwa ni wengi na wameishi mbalimbali, ni mahali anapoishi mmoja wao, ila kwa ruhusa ya mahakama au kama wale wengine hawapingi. Ya tatu ni mahali ambapo chanzo cha madai, yaani mambo yanayokupa haki ya kudai, kimetokea, chote au sehemu yake tu.

Hayo maneno "sehemu yake" yashike vizuri. Mkataba una mahali ulipofungwa, mahali ulipotakiwa kutekelezwa, na mahali pesa ilipotakiwa kulipwa. Hayo yanaweza kuwa miji mitatu tofauti, na kila mmoja ukabeba sehemu ya chanzo cha madai.

Tuchukue mfano tuutazame kwa karibu. Mama mmoja wa Mbeya anauza mchele. Mfanyabiashara wa Tandika, Temeke, anampigia simu, wanaelewana gunia 300 kwa Sh 180,000 kila moja, jumla Sh 54,000,000. Mteja anapanda basi, anafika Mbeya, anaukagua mchele ghalani, wanasainiana kikaratasi, anaacha Sh 20,000,000. Wanakubaliana mzigo ukishushwa Tandika, salio litumwe kwenye akaunti ya mama, tawi la Mbeya. Mzigo unashushwa. Pesa haiji. Linabaki deni la Sh 34,000,000.

Kiasi kimezidi milioni 30, kwa hiyo Mahakama ya Mwanzo haihusiki. Ni biashara, lakini haijafika milioni 70, kwa hiyo Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi inatosha. Mama anaweza kumfuata mteja Temeke, kwa sababu anaishi na kufanya biashara kule. Anaweza pia kufungua Mbeya, kwa sababu makubaliano yalisainiwa Mbeya na pesa ilitakiwa kulipwa Mbeya. Kinachoipa mahakama ya Mbeya mamlaka ni kikaratasi kile na akaunti ile. Kwamba mama anaishi Mbeya hakuhesabiki.

Sasa badilisha jambo moja. Hakuna aliyekuja Mbeya. Walielewana kwa simu, na salio lilikuwa lilipwe kwa fedha taslimu Tandika mzigo ukishushwa. Hoja ya Mbeya inadhoofika sana. Ndiyo maana nawaambia wafanyabiashara kila ninapopata nafasi: unapoandika makubaliano, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, andika pesa italipwa wapi. Mstari huo mmoja unaweza kukuokolea nauli za miaka miwili.

Kwa kampuni, maelezo ya kifungu cha 18 yanasema inahesabiwa kufanya biashara kwenye ofisi yake kuu Tanzania, au kwenye tawi lake kwa jambo lililotokea pale tawi lilipo. Kuwepo kwa tawi Songea hakukupi haki ya kufungua Songea shauri la jambo lililotokea Tanga.

Mtu mwenye nyumba ya kudumu mji mmoja na makazi ya muda mji mwingine, mfano mkandarasi mwenye familia Moshi aliyepanga Mtwara kwa mradi wa mwaka mmoja, anahesabiwa kuishi Mtwara pia kwa yale yaliyotokea Mtwara. Kwa madeni mengine, mtafute Moshi.

Mikataba yenye kipengele cha mahakama. Watu hupenda kuandika "mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama ya fulani". Makubaliano hayawezi kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa. Pale ambapo mahakama mbili au zaidi zote zina mamlaka, wahusika wanaweza kukubaliana watumie moja, na watabanwa na neno lao. Hata kipengele kinachochagua mahakama ya nje kinabana: katika shauri la Sunshine Furniture dhidi ya Maersk (China) Shipping, Mahakama ya Rufani ilikiheshimu kipengele cha hati ya shehena kilichopeleka migogoro London. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi hati ya kusafirisha kontena, soma nyuma ya karatasi, kwenye yale maandishi madogo.

Hatua ya tano: ajali, kipigo, kashfa

Kwa madhara yaliyofanywa kwa mwili wa mtu, heshima yake au mali yake inayohamishika, kifungu cha 17 kinakupa chaguo: mahali kosa lilipotendeka, au mahali mdaiwa anapoishi au kufanya biashara.

Basi la kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam linapinduka Manyoni. Abiria aliyevunjika mguu ni wa Kigoma, na alitibiwa Kigoma. Kwa dai la uzembe anaweza kufungua Manyoni, au wilaya yenye makao ya kampuni. Kutibiwa Kigoma hakuleti kosa Kigoma. Lakini kama tiketi aliinunua kwenye ofisi ya kampuni hiyo Kigoma na safari ilianzia Kigoma, mkataba wa usafiri ulifungwa pale, na wakili mzuri anaweza kujenga dai juu ya uvunjaji wa mkataba ili kifungu cha 18 kitumike. Namna unavyolisimamisha dai inaweza kubadilisha mji wa mahakama, na ni jambo la kukaa na mwanasheria kabla ya kuandika, maana ukiandika uzembe mwanzo hadi mwisho huwezi kusema baadaye ulikuwa unadai mkataba. Usisubiri sana: madai ya aina ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, ya mkataba miaka 6, ya kurudisha ardhi miaka 12.

Mirathi: panapokosewa zaidi

Jambo hili nimelitengea sehemu yake kwa sababu ya machozi niliyoyaona.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi pale sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu, na Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linasema mahakama inayohusika ni ile ambayo marehemu, wakati anafariki, alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake. Halisemi alipozaliwa, wala alipozikwa, wala ukoo ulipokaa kikao.

Sasa angalia desturi zetu. Baba amefanya kazi Dar es Salaam miaka 30, amejenga Tabata, amelea watoto Tabata. Anafariki, anasafirishwa kuzikwa Rombo. Siku ya tatu ukoo unakaa, muhtasari unaandikwa, na kwa kuwa wote wako pale, wanakwenda Mahakama ya Mwanzo ya Rombo kumteua msimamizi. Kila kitu kinafanyika kwa nia njema. Miaka inapita, nyumba inauzwa, mtoto mmoja anakasirika, anapinga, na uteuzi mzima unaanguka kwa sababu mahakama ile haikuwa na mamlaka. Aliyenunua nyumba naye anaingia kwenye mateso ambayo hakuyatafuta.

Kikao cha ukoo kifanyike Rombo, hakuna ubaya. Muhtasari wake ni halali popote. Maombi yapelekwe alipokuwa anaishi marehemu. Kwa Dar es Salaam, ulizia utaratibu wa Kituo Jumuishi cha Temeke, ambacho kimetengwa kwa mashauri ya familia: mirathi, ndoa na watoto. Na kama marehemu aliishi maisha ambayo si ya kimila wala ya Kiislamu, mathalani Mkristo aliyeishi mjini na kuacha wosia wa maandishi, Mahakama ya Mwanzo si mahali pake hata kama makazi ni sahihi.

Ajira na Serikali, kwa ufupi

Fomu ya CMA hupelekwa ofisi ya Tume inayohudumia eneo ambalo mgogoro ulitokea. Ukiwa umefanyia kazi mgodini Geita na ukaachishwa ukiwa Geita, usiende kufungua Dodoma kwa sababu umerudi nyumbani. Kwa kuachishwa kazi una siku 30 tu, kwa hiyo kosa la ofisi linaweza kukumalizia muda wako wote.

Shauri dhidi ya Serikali hupelekwa masjala (ofisi ya kupokea na kusajili mashauri) ya Mahakama Kuu ya eneo ambalo dai limetokea. Mahakama Kuu yenyewe ni moja kwa Bara nzima. Masjala zake za mikoani ni mgawanyo wa kazi na wa kumsogezea mwananchi huduma. Kwa mashauri mengine ya kuanzia Mahakama Kuu, kanuni za masjala zinakuelekeza kwenye masjala ya eneo la chanzo cha madai au makazi ya mdaiwa.

Hatua ya sita: iandike mamlaka kwenye hati yako

Amri ya VII kanuni ya 1 ya Sura ya 33 inataka hati ya madai ionyeshe mambo yanayoipa mahakama mamlaka, pamoja na thamani ya dai. Watu wengi huandika sentensi moja kavu: "Mahakama hii ina mamlaka." Hiyo ni hitimisho, mahakama inataka mambo yaliyokufikisha hapo. Kwa yule mama wa mchele, aya zingesomeka hivi:

"4. Kwamba makubaliano ya mauziano yalisainiwa Mbeya Mjini, baada ya mdaiwa kukagua mchele kwenye ghala la mdai lililopo hapo, na ilikubaliwa kwamba salio litalipwa kwenye akaunti ya mdai iliyopo tawi la Mbeya Mjini. Salio hilo halikulipwa. Hivyo chanzo cha madai kimetokea, kwa sehemu, ndani ya mipaka ya Mahakama hii.

5. Kwamba kiasi kinachodaiwa ni Sh 34,000,000, na shauri ni la kibiashara, hivyo lipo ndani ya uwezo wa kifedha wa Mahakama hii."

Ambatisha kikaratasi, ujumbe wa simu unaotaja akaunti, na risiti ya benki ya ile malipo ya kwanza. Siku hizi hati husajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na unaweza kuwa umekaa Kasulu ukafungua shauri Arusha. Mfumo utakupokea, lakini kanuni za mamlaka ya eneo hazibadiliki, na kosa la kuchagua mahakama litaonekana baadaye, ada ikiwa imeshalipwa.

Hatua ya saba: kama wewe ndiye umeshtakiwa mbali

Ukipokea samansi kutoka mji usiokuhusu, usikae kimya ukidhani utakuja kulisema kwenye rufaa. Kifungu cha 19 ni kikali: pingamizi kuhusu mahali shauri lilipofunguliwa halitasikilizwa na mahakama ya rufaa isipokuwa ulilitoa mahakama ya kwanza, mapema iwezekanavyo, kabla au wakati wa kupanga hoja zinazobishaniwa, na isipokuwa haki imepotea kwa sababu hiyo. Hapa mahali panatofautiana na aina ya mgogoro. Kama Mahakama ya Wilaya imesikiliza kesi ya umiliki wa shamba, unaweza kuliibua wakati wowote, hata Mahakama ya Rufani, kwa kuwa mahakama ile haikuwa na uwezo tangu mwanzo. Lakini kama imesikiliza deni ambalo lingepaswa kwenda wilaya jirani, nawe ukanyamaza, umekubali.

Kwa hiyo lilete pingamizi pamoja na majibu yako ya madai, ambayo unatakiwa kuyawasilisha ndani ya siku 21 tangu upokee wito. Kuwa makini na namna unavyolileta. Kanuni ya shauri la Mukisa Biscuit la 1969, inayotajwa kila siku mahakamani, ni kwamba pingamizi la awali liwe hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi. Kama hati ya mdai yenyewe inasema unaishi Iringa na mkataba ulifanyika Iringa, pingamizi linasimama. Kama inabidi uthibitishe kwanza kwamba ulihama Iringa mwezi wa sita, hilo ni suala la ushahidi. Liandike kwenye majibu yako na uombe liwe hoja ya kuamuliwa kwanza.

Inawezekana mahakama ina mamlaka, ila nyingine ingefaa zaidi kwa sababu mashahidi wote wako kule. Hapo pingamizi halifai, omba uhamisho. Kifungu cha 20 kinamruhusu mdaiwa kuomba shauri lihamishiwe mahakama nyingine yenye mamlaka, baada ya kuwapa taarifa wahusika wengine, na kifungu cha 21 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuhamisha mashauri. Eleza kwa vitu vinavyoshikika: mashahidi wangapi, wanaishi wapi, mmoja ana umri gani. Malalamiko ya jumla kwamba "ni mbali" hayatoshi. Na kumbuka, uhamisho ni kwa shauri lililofunguliwa mahali halali. Lililofunguliwa mahakama isiyo na mamlaka haliponywi kwa kuhamishwa.

Hatua ya nane: hati ikirudishwa

Amri ya VII kanuni ya 10 inasema mahakama ikigundua haina mamlaka, hati ya madai irudishwe ipelekwe panapostahili. Hakimu ataandika juu yake tarehe ilipopokelewa, tarehe inaporudishwa, jina la aliyeileta, na sababu fupi. Usiondoke mahakamani bila maandishi hayo. Ndiyo silaha yako kwenye suala la muda, kwa sababu kifungu cha 21 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kinaondoa kwenye hesabu ule muda uliokuwa ukihangaika kwenye mahakama isiyo na mamlaka, mradi ulikuwa na nia njema na bidii na dai ni lilelile. Ukikaa miezi minane nyumbani kabla ya kwenda mahakama sahihi, hiyo miezi minane inahesabiwa.

Ukishashinda, na mali ya mdaiwa iko mkoa mwingine

Hukumu hukaziwa, yaani hutekelezwa kwa nguvu ya mahakama, na mahakama iliyoitoa au na ile itakayopelekewa (kifungu cha 33). Kama mama wa mchele ameshinda Mbeya na mteja hana kitu Mbeya ila ana duka Tandika, haanzi kesi upya Temeke. Anaomba mahakama ya Mbeya, chini ya kifungu cha 34, ipeleke hukumu yake ikakaziwe kule mdaiwa anapoishi au mali yake ilipo. Kinachosafiri ni nakala ya tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu), hati inayoonyesha kiasi ambacho bado hakijalipwa, na nakala ya amri yoyote ya kukazia iliyokwisha kutolewa, au uthibitisho kwamba haipo. Fuatilia kwa karani wa Mbeya jalada lilitoka lini na kwa njia gani, kisha mwombe karani wa Temeke namba mpya ya shauri la utekelezaji. Una miaka 12 ya kukazia hukumu, lakini duka la Tandika linaweza kufungwa wiki ijayo.